Nilivyojifunza Kusoma Karatasi ya Jeni za Mdogo Wangu

Karatasi ya kwanza ya majibu ya vinasaba ilitufikia siku ya nne tangu mdogo wangu alazwe. Ilikuwa na maelezo mengi, lakini macho yangu yaliganda kwenye mstari mmoja: "46,XX, kromosomu za kawaida." Mdogo wangu alikuwa na miaka 41. Aliingia hospitalini akiwa na fizi zinazotoa damu na michubuko mapajani ambayo hakukumbuka ameipata wapi, na kabla jua halijazama daktari alikuwa amekwisha kutuambia kwamba ni lukemia kali ya mieloidi, yaani saratani ya damu inayoanzia katika uboho wa mifupa na kusonga mbele kwa kasi. Basi nilipoliona neno "kawaida" nilitoka wodini, nikampigia simu baba, nikamwambia kuwa majibu ya vinasaba yametoka na ni mazuri. Nilimsikia akimshukuru Mungu kwa sauti, na nyuma yake mama akiuliza mara mbili mbili kama ni kweli. Nilikuwa nimewapa furaha ambayo haikuandikwa popote kwenye karatasi ile, na siku tisa baadaye ilinibidi niwapigie tena kuwanyang'anya.

Naanza na kosa hilo kwa sababu ndilo lililonifundisha zaidi, na kwa sababu nimeliona likifanywa na ndugu wa wagonjwa wengine tuliokaa nao kwenye viti vya korido ileile. Neno "kawaida" katika majibu ya kromosomu halisemi kwamba ugonjwa ni mwepesi. Linasema tu kwamba mtaalamu alipozitazama kromosomu 46 za seli zilizochukuliwa kwenye uboho hakuona iliyokatika, iliyopungua, iliyozidi wala iliyobadilishana kipande na nyingine. Ni kama mtu aliyezihesabu kurasa za kitabu akazikuta zote zipo. Hajasoma hata sentensi moja. Karibu nusu ya watu wazima wanaopata ugonjwa huu huwa na kromosomu zinazoonekana kuwa za kawaida, na ndani ya nusu hiyo wamo wanaopona kwa dawa peke yake, na wamo pia ambao ugonjwa huwarudia kabla mwaka haujaisha. Kinachowatenganisha hakionekani kwa hadubini, kwa kuwa kimo katika herufi za jeni zenyewe.

Kuhesabu kurasa kulikuja kwanza. Mwaka 1973 Janet Rowley, mtafiti wa Chicago, alionyesha kwamba kwa baadhi ya wagonjwa wa lukemia hii kromosomu ya 8 na ya 21 hubadilishana vipande, na hadi leo mbadilishano huo huhesabiwa kuwa dalili njema, kwa kuwa walio nao huitikia vizuri dawa kali za saratani. Kusoma sentensi kulichelewa sana. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington huko St. Louis walitangaza kwamba wamesoma vinasaba vyote vya saratani ya mtu mmoja, jambo ambalo halikuwahi kufanyika kabla, na mtu huyo alikuwa mwanamke mwenye lukemia kali ya mieloidi na kromosomu za kawaida. Walikuta mabadiliko katika jeni kumi, na kati ya hizo mbili tu ndizo zilizokuwa zikijulikana kuhusika na ugonjwa huu: NPM1 na FLT3. Miaka miwili baadaye walizirudia seli zake kwa makini zaidi, wakakuta na jeni ya DNMT3A nayo imebadilika. Nilipoisoma habari hiyo nilisimama nikatembea chumba kizima, kwa maana hizo tatu ndizo zilizokuwa kwenye karatasi ya pili ya mdogo wangu.

Karatasi hiyo ya pili ilikuwa na mistari mitatu tu ya maana. NPM1: imebadilika, herufi nne zimeongezeka. FLT3-ITD: ipo, uwiano 0.3. DNMT3A: imebadilika, asilimia 44, yaani sehemu ya nakala za jeni hiyo zilizokutwa na badiliko. Hapakuwa na neno la kumwambia mtu afurahi au alie. Ilikuwa jioni, daktari wetu alikuwa amekwisha kuondoka, nami sikuwa na subira ya kungoja kukuche. Nikaketi na simu yangu na daftari.

Andiko la kwanza nililolipata lilisema kwamba FLT3-ITD, yaani jeni ya FLT3 ambayo kipande chake kimejirudia, ni dalili mbaya, kwamba walio nayo hurudiwa na ugonjwa upesi na wengi wao hawaishi muda mrefu. Nikaandika: baya. Saa moja baadaye nikalikuta jedwali la mwaka 2017 la European LeukemiaNet, ule umoja wa wataalamu wa lukemia wa Ulaya ambao madaktari wengi duniani hufuata makundi yake matatu ya hatari: zuri, la kati na baya. Jedwali hilo lilisema kwamba mwenye NPM1 iliyobadilika pamoja na FLT3-ITD ambayo uwiano wake, yaani wingi wa nakala zilizobadilika ukilinganishwa na zile nzima, haufiki 0.5 yumo katika kundi zuri. Nikalikata neno la kwanza, nikaandika: zuri, nikalipigia mstari. Usiku wa manane ulipokaribia nikaliona jedwali la wataalamu haohao la mwaka 2022, likisema kwamba kila mwenye FLT3-ITD, uwiano uwe mkubwa au mdogo, NPM1 iwe imebadilika au haikubadilika, yumo katika kundi la kati, mradi hana mabadiliko mengine ya kundi baya. Ukurasa ule ninao bado. Kwa muda wa saa tatu nilimhamisha mdogo wangu kutoka kundi baya hadi zuri, na kutoka zuri hadi la kati, na muda wote huo yeye alikuwa amelala, na hapakuwa na seli hata moja mwilini mwake iliyobadilika kwa sababu ya nilichoandika.

Asubuhi nilimpelekea daktari daftari hilo. Hakunikemea. Aliangalia tarehe nilizozitia kando ya kila andiko, kisha akasema, "Kaka, umefanya jambo moja la maana, umeweka mwaka. Sasa nikueleze kwa nini wamehama." Akasema kwamba kipimo cha uwiano ule hakijasawazishwa baina ya maabara, hata sampuli moja ikipelekwa mahali pawili inaweza kuangukia chini ya mpaka huku na juu ya mpaka kule, na haifai uamuzi mzito kama wa kupandikiza uboho utegemee tofauti ya namna hiyo. Tena zimekuja dawa zinazoilenga FLT3 yenyewe, nazo zimeupunguza ukali wake. Lakini jambo alilolitaja taratibu, kama mtu anayetaka likumbukwe, ni kwamba siku hizi ugonjwa unaweza kufuatiliwa kwa vipimo baada ya tiba kuanza, na jibu la ufuatiliaji huo mara nyingi lina uzito kuliko kundi alilowekwa mgonjwa siku ya kwanza.

Nilimwuliza swali ambalo nadhani kila ndugu huliuliza: "Sasa ana muda gani?" Alinyamaza kidogo, akasema kuwa jedwali limetengenezwa kwa kuwahesabu watu wengi waliopita, likaangalia katika kila mia wangapi walikuwa hai baada ya miaka kadhaa, na kwamba yeye anaweza kuniambia habari za hiyo mia lakini hawezi kuniambia mdogo wangu ni wa ngapi katika mstari. Kisha akanipa swali la kuweka mahali pa lile langu: "Niulize jibu hili linabadilisha nini katika tiba, na kipimo kinachofuata ni kipi na lini." Nililiandika kwenye jalada la daftari. Tangu siku hiyo hakuna karatasi iliyotufikia ambayo sikuiuliza maswali hayo.

Nilibadilisha pia namna ya kusoma. Badala ya kuuliza kama jeni fulani ni nzuri au mbaya, nilianza kuuliza inafanya kazi gani ikiwa nzima na inaharibu nini ikibadilika, na hapo mambo yakaanza kukaa mahali pake. NPM1 hutengeneza protini ambayo makazi yake ya kawaida ni ndani ya kiini cha seli. Zile herufi nne zinapoongezeka karibu na mwisho wa jeni, protini huota mkia usio wake na kutolewa nje ya kiini. Jambo hilo liligunduliwa na Brunangelo Falini na wenzake wa Italia, nao walilitangaza mwaka 2005. Takriban theluthi moja ya watu wazima wenye lukemia hii wana badiliko hilo. Herufi nne, katika maandishi ya herufi bilioni tatu. FLT3 ni kipokezi kilicho juu ya ngozi ya seli, kinachopokea amri ya kukua na kuzaana, na kipande chake kinapojirudia, kipokezi hubaki kimewashwa hata pasipo amri. DNMT3A husaidia kuweka alama zinazoamua jeni zipi zifungwe na zipi zifunguliwe, na badiliko lake mara nyingi hutangulia, pengine kwa miaka mingi, kabla mtu hajaugua. Kumbe mistari ile mitatu haikuwa mashtaka matatu. Ilikuwa historia ya ugonjwa mmoja: DNMT3A ilianza kimya, NPM1 ikaugeuza kuwa lukemia, FLT3 ikaja nyuma kuutia kasi.

Jibu la kwanza la swali la "linabadilisha nini" lilikuwa dhahiri. Mdogo wangu alipewa sitarabini kwa dripu siku saba na daunorubisini siku tatu za mwanzo, mpango ambao umetumika tangu miaka ya 1970, lakini kwa sababu ya FLT3 aliongezewa midostaurini kuanzia siku ya nane: vidonge viwili asubuhi na viwili jioni, pamoja na chakula, siku kumi na nne. Dawa hiyo iliidhinishwa Marekani mwaka 2017 baada ya jaribio la wagonjwa 717 wenye umri wa miaka 18 hadi 59, ambamo baada ya miaka minne walikuwa hai asilimia 51 ya walioipata na asilimia 44 ya walioikosa. Nilipoiona tofauti hiyo ya watu saba katika kila mia nilivunjika moyo, kwa kuwa nilitaka dawa inayomaliza kazi. Nilimwonyesha mdogo wangu ukurasa nikiwa na uso ulioanguka. Aliusoma, akanirudishia, akasema, "Kaka, mmoja wa hao saba anaweza kuwa mimi. Nipe maji nimeze."

Wodini tulikaa na watu wawili ambao siwezi kueleza niliyojifunza bila kuwataja, ingawa majina yao nayahifadhi. Mmoja alikuwa kijana wa miaka 24. Kipande cha kromosomu yake ya 16 kilikuwa kimegeuka, kichwa kikawa miguuni, na geuko hilo limo katika kundi zuri katika majedwali yote. Mama yake alikuwa akimweleza kila aliyepita kwamba mwanawe amepata "ile nzuri", nasi tulimpongeza, mimi nikiwa wa kwanza. Katika wiki ya tatu, chembe nyeupe za damu zikiwa zimekwisha kabisa kwa sababu ya dawa, aliingiwa na maambukizi. Homa ilianza mchana, na usiku wa pili alikuwa amefariki. Jedwali halikudanganya. Lilisema seli za ugonjwa wake zitaitikia dawa, na inawezekana kabisa zilikuwa zimekwisha kufa wakati yeye anakufa. Lakini mtu hupitia tiba na mwili wake wote, na kati ya siku ya kwanza ya dawa na siku ya kupona pana majuma ambayo hana kinga yoyote. Sijampongeza mtu tena kwa sababu ya jeni zake. Huwa namwuliza joto la mwili likoje.

Wa pili alikuwa mzee wa miaka 74. Karatasi yake ilionyesha jeni mbili zilizobadilika, IDH2 na SRSF2, na kwa jedwali la mwaka 2022 hiyo SRSF2 ilimtia moja kwa moja katika kundi baya. Mwanawe, mtu mzima mwenye elimu nzuri, alikuwa ameshaliona jedwali hilo na alikuwa amekwisha kuanza kuwaandaa ndugu. Kilichomponyoka, nami kiliniponyoka vilevile mpaka nilipoelezwa, ni kwamba majedwali yale yalitokana hasa na wagonjwa waliopewa dawa kali kama za mdogo wangu. Mzee hakuweza kuzipokea kwa umri wake. Alipewa azasitidini pamoja na venetoklaksi, na mbele ya tiba hiyo jeni hupangika vingine. Mwaka 2024 wataalamu walewale walitoa makundi ya pekee kwa wanaopata tiba nyepesi zaidi, na humo mwenye IDH2 iliyobadilika, asiye na FLT3-ITD, wala mabadiliko katika jeni za RAS au TP53, yumo katika kundi zuri. Karatasi ile ile, mtu yule yule, na neno limegeuka kwa sababu dawa ni nyingine. Mzee alirudi nyumbani baada ya mzunguko wa pili akitembea kwa miguu yake. Sijui ni ndugu wangapi hulia usiku juu ya jedwali lisilowahusu, na hili naliona kuwa jambo ambalo madaktari wangeweza kulipunguza kwa sentensi moja tu wanapotoa majibu.

Sisemi haya ili kumpa mtu matumaini ya bure. Iko jeni ya TP53, ambayo kazi yake ni kuizuia seli iliyoharibika isiendelee kuzaana, na inapobadilika katika ugonjwa huu majedwali yote hukubaliana: dawa kali hazifui dafu, tiba nyepesi huleta nafuu ya muda mfupi, na wengi huhesabu miezi badala ya miaka, hata baada ya kupandikizwa uboho. Mwenye jibu la namna hiyo anastahili kuambiwa waziwazi na mapema. Ni haki yake kuamua siku zake zitumike vipi, na hawezi kuamua kwa habari iliyopakwa sukari.

Siku ya 28 mdogo wangu alitolewa uboho tena. Seli changa za saratani zilikuwa chini ya 5 katika kila 100, na daktari akatumia maneno "nafuu kamili". Safari hii sikukimbilia simu. Niliuliza kwanza ni kitu gani ambacho kipimo hicho hakikukitazama, na daktari akatabasamu, kwa mara ya kwanza tangu tujuane. Alisema kwamba jicho linapoziona chini ya 5 katika mia, bado panaweza kuwa na mamilioni ya seli zilizojificha, na kwamba hapo ndipo zile herufi nne za NPM1 zinapogeuka kuwa msaada. Kwa kuwa seli za afya hazina herufi hizo, maabara inaweza kuzitafuta na kuzipata hata kama iliyobaki ni seli moja katika laki moja. FLT3 haiaminiki hivyo, kwa sababu huweza kutoweka au kuzuka upya ugonjwa unaporudi, ndiyo maana ukirudi inapaswa kupimwa tena badala ya kutegemea karatasi ya zamani.

Kipimo chenyewe kilikuwa cha kufanyika kwenye damu baada ya mzunguko wa pili wa tiba. Utafiti wa Uingereza uliotolewa mwaka 2016 ulikuwa umeonyesha kwamba wagonjwa ambao mabaki ya NPM1 yalionekana katika damu wakati huo, asilimia 82 walirudiwa na ugonjwa ndani ya miaka mitatu, na ambao hayakuonekana, asilimia 30. Sijapata kuona mpaka mkubwa namna hiyo katika karatasi yoyote ya jeni ya siku ya kwanza. Tulingoja majibu siku kumi na moja, na hizo ndizo siku nilizozipata ndefu kuliko zote, ndefu kuliko hata zile za dawa.

Katika siku hizo nami nilikuwa nikipimwa. Ikiwa mabaki yangeonekana, njia ilikuwa kupandikizwa uboho, na ndugu wa baba mmoja na mama mmoja ana nafasi moja katika nne ya kulingana kabisa na mwenzake. Nililingana. Kabla ya hapo daktari alituuliza kwa kirefu kama katika ukoo wetu kuna waliowahi kuugua damu, nikadhani ni maswali ya kujaza fomu, kumbe sivyo. Mabadiliko mengi ya lukemia hii hutokea ndani ya seli za uboho baada ya mtu kuzaliwa na hayarithiwi, lakini yapo machache, kama ya jeni ya DDX41, ambayo mtu huweza kuzaliwa nayo, na ndugu anayetoa uboho anaweza kuwa nayo bila kujua na kumpandikizia mgonjwa mbegu ya ugonjwa uleule. Kwetu hayakuwepo.

Majibu yalikuja asubuhi ya siku ya kumi na mbili: herufi zile nne hazikuonekana katika damu. Madaktari walikutana, kisha wakatuketisha sote wawili. Walieleza kwamba miaka michache iliyopita mwenye FLT3-ITD angepelekwa kupandikizwa karibu bila mjadala, lakini kwa mwenye NPM1 ambaye mabaki yake yametoweka mapema kiasi hiki faida ya kupandikizwa sasa haionekani wazi, ilhali hatari zake, zikiwemo kifo na uboho mgeni kuushambulia mwili, zipo palepale. Mdogo wangu aliuliza maswali kwa saa nzima. Mwishowe alichagua kuendelea na dawa na kufuatiliwa, uboho kila miezi mitatu na damu katikati, kwa miaka miwili isiyopungua. Nakiri kwamba nilitoka pale nikiwa na uchungu ambao sikuutarajia. Nilikuwa nimejiandaa kumpa kitu cha mwili wangu, na sasa nilichotakiwa kumpa kilikuwa subira.

Miezi mitano baadaye ikaja karatasi iliyonirudisha usiku ule wa kwanza. NPM1: haikuonekana. FLT3-ITD: haikuonekana. DNMT3A: imebadilika, asilimia 19. Mikono ilinitetemeka. Niliona asilimia 19 nikaona ugonjwa umerudi, na laiti nisingekuwa na daftari lile na maswali yale mawili kwenye jalada, ningewapigia wazazi kwa mara ya tatu na habari isiyo ya kweli. Nilimpigia daktari. Alinieleza kwamba badiliko la DNMT3A limo katika seli mama za uboho zilizotangulia lukemia, ambazo bado hutengeneza damu inayofanya kazi yake vizuri, na kwamba watu wengi wenye umri mkubwa na wasio na saratani wana seli za namna hiyo. Dawa imekata mti, shina la zamani limebaki ardhini. Mabaki ya jeni hiyo peke yake, pamoja na ya TET2 na ASXL1, hayahesabiwi kuwa dalili ya ugonjwa kurudi, na hayatumiki kufuatilia. Je, linabadilisha nini katika tiba? Halibadilishi kitu. Kipimo kinachofuata ni kipi? Ni kilekile cha NPM1, baada ya wiki sita. Nilikata simu nikaandika hayo kwa herufi kubwa, kwa ajili ya ndugu yeyote atakayelifungua daftari hili baada yangu.

Binti wa mdogo wangu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 13, alinijia siku moja akiwa peke yake. Alikuwa amesikia neno "jeni" likitajwa nyumbani mwaka mzima, na shuleni alikuwa amefundishwa kwamba jeni hutoka kwa wazazi. "Mjomba," akasema, "na mimi ninazo?" Nilijilaumu kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyewaza kumweleza. Nilimwambia kwamba jeni alizozipata kwa mama yake ni zile ambazo mama alizaliwa nazo, na zile zilizoharibika ziliharibika ndani ya mifupa ya mama akiwa mtu mzima, baada ya yeye kuzaliwa au kabla, lakini hazikupita kwenda kwake. Alitaka niape. Nikampeleka kwa daktari, naye akamwambia maneno hayohayo na kumchorea seli mbili kwenye karatasi, moja ya yai na moja ya uboho, na msalaba katikati yake. Karatasi hiyo ameibandika juu ya kitanda chake.

Sasa ni mwezi wa kumi na saba. Daftari si langu tena. Mdogo wangu alilichukua mwaka jana akasema kuwa ugonjwa ni wake na hesabu ni zake. Wiki iliyopita tulikwenda pamoja kuchukua majibu. Alifungua bahasha tukiwa bado tumesimama, nami nikainama kutafuta lile neno, kama limeandikwa "haikuonekana" au sivyo. Yeye alikuwa ameweka kidole chini kabisa ya ukurasa, kwenye maandishi madogo yanayoeleza kipimo kinaweza kuona hadi wapi na sampuli ilikuwa nzuri kiasi gani. Alipomaliza kuyasoma ndipo alipopandisha kidole juu, kwenye jibu.